Somo kwa Watumishi wa Afya: Tuhesabu Mapigo ya Moyo kwa Dakika Nzima



 Somo la robo hii tumeliandaa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya Same, kuanzia tambarare za Hedaru, Makanya na Ndungu hadi vijiji vya juu vya Vudee, Chome, Mbaga na Mamba. Hata wewe usiye mtumishi wa afya unaweza kulisoma, kwa maana sehemu kubwa ya somo inahitaji vitu viwili tu: vidole vitatu na saa yenye mshale wa sekunde.

Tunaposikia habari za mafunzo endelevu, wengi wetu tunafikiria semina ya Moshi au Dar es Salaam. Semina ni njema, lakini anayekwenda ni mmoja, na wengine wanabaki zamu. Akirudi, kabrasha linawekwa kabatini. Mapigo ya moyo yaliyovurugika ni mfano mzuri wa ugonjwa ambao hatuwezi kuuachia semina. Malaria au nimonia tunaiona kila wiki, na kazi yenyewe inatukumbusha. Ugonjwa huu tunaweza kukaa miezi bila kukutana nao, halafu siku moja mgonjwa yuko mbele yetu na tumesahau la kufanya.

Baada ya somo hili tunatarajia uweze:
1. Kuhesabu mapigo kwa usahihi na kuyaandika.
2. Kutambua aina nne za mapigo yasiyo ya kawaida.
3. Kujua lipi la kutibu hapo ulipo, na nani apewe rufaa leo hii.
4. Kumweleza mgonjwa kwa nini dawa ya kuzuia damu kuganda haiachwi kiholela.

Je, ugonjwa huu uko kwetu?

Tuanze na jirani zetu wa Hai, katika mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti waliwafuatilia watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza huko Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Kwa hiyo kiharusi si ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri.

Utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2012, uliwapima wazee 2,232 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea kwa mashine ya umeme wa moyo, yaani ECG. Waliokutwa na mapigo yaliyovurugika ya aina iitwayo etria fibrilesheni (kwa kifupi AF) walikuwa 15 tu. Hiyo ni chini ya mmoja kwa kila mia, idadi ndogo sana ukilinganisha na wazee wa Ulaya.

Mtu anaweza kusema, basi tusihangaike. Tusifanye haraka. Kwanza, ECG ya mara moja haimnasi mtu ambaye mapigo yake huvurugika leo na kutulia kesho. Pili, wale walikuwa wazee wanaoishi vijijini mwao, si wagonjwa waliofika hospitali. Katika utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu wagonjwa 427 ambao moyo umeshindwa kufanya kazi yake sawasawa, waliokuwa na AF walikuwa asilimia 16. Tena, katika uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 3,343 wenye milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, uliofanyika katika nchi 12 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, pamoja na India na Yemen, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na AF. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo.

Hivyo kwetu huu si ugonjwa wa wazee peke yao. Ni wa mzee mwenye presha ya siku nyingi, na pia ni wa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, ambaye utotoni aliumwa koo na viungo na hakutibiwa.

Moyo unavyopiga

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika chumba cha juu cha kulia kuna sehemu ndogo inayotoa umeme. Umeme huo hupita katika vyumba vya juu, hupunguzwa mwendo kidogo katikati, kisha hushuka vyumba vya chini, navyo hujikamua na kusukuma damu. Kwa mtu mzima aliyetulia jambo hili hutokea mara 60 hadi 100 kwa dakika. Mtoto mchanga akiwa na 140 hana tatizo, na kijana anayepanda na kushuka mlima kila siku anaweza kuwa na 52 akiwa mzima kabisa. Kwa hiyo tunaangalia namba, halafu tunamwangalia mtu mwenyewe.

Hatua ya kwanza: dakika nzima

Wengi wetu tulizoea kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Kosa la pigo moja linakuwa makosa manne. Zaidi ya hapo, katika sekunde 15 unaweza usigundue kwamba mapigo hayana mpangilio. Fanya hivi:

1. Mgonjwa akae dakika tano kwanza, hasa kama amepanda mlima kuja kwako.
2. Weka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, utahesabu mapigo yako mwenyewe.
3. Hesabu sekunde 60 kamili. Jiulize maswali matatu: ni mangapi? Yana mpangilio? Yana nguvu sawa?
4. Kama hayana mpangilio, weka stetoskopu kwenye kifua na uhesabu tena dakika nzima. Ikiwa kifuani ni 140 na mkononi ni 110, mapigo 30 hayakufika mkononi. Andika namba zote mbili.
5. Usiitegemee mashine ya presha ya betri kwa mgonjwa wa namna hii. Pima mara tatu, na ikiwezekana tumia ile ya kusikiliza kwa stetoskopu.

Aina nne za mapigo yasiyo ya kawaida

*1. Ya haraka, yenye mpangilio.* Mara nyingi moyo wenyewe ni mzima, unakimbia kwa sababu nyingine: homa, upungufu wa maji, upungufu wa damu, damu inayotoka, maumivu, mimba iliyotunga nje, au tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi. Hapa usitafute dawa ya kupunguza mapigo. Tibu chanzo. Mama aliyejifungua jana mwenye mapigo 130 huenda anavuja damu, na ukiyashusha mapigo yake kwa dawa unamnyang'anya kinga ya mwisho aliyobaki nayo.

Lakini yupo mgonjwa ambaye mapigo yameanza ghafla, kama taa iliyowashwa, yanakwenda 150 hadi 220, hana homa wala hajatoka damu. Kama presha yake ni nzuri na fahamu anazo, jaribu njia ifuatayo. Mkalishe ameegemea nyuma kidogo, mpe bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, apulize kwa nguvu hadi kisukumio kitikisike, kwa sekunde 15. Mara tu akimaliza mlaze chali na uinue miguu yake kiasi cha nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Katika majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa mwaka 2015 kwa wagonjwa 428, njia hii ilirudisha mapigo ya kawaida kwa asilimia 43, wakati kupuliza bila kuinua miguu kulifaulu kwa asilimia 17. Ikishindikana, mpe rufaa. Sindano ya adenosini ni ya hospitali yenye ECG na vifaa vya kuokoa maisha.

*2. Ya polepole, chini ya 50.* Uliza kwanza dawa anazotumia. Atenololi, propranololi na digoksini zote hupunguza mapigo. Mwenye digoksini anayetapika, asiyetaka chakula na anayeona vitu vya njano, simamisha dawa na umpeleke hospitali. Hatari huwa kubwa zaidi kama anatumia pia furosemidi, kwa sababu hiyo hupunguza potasiamu mwilini. Kwa wanaolima mpunga na mboga tambarare, kumbuka sumu ya kuulia wadudu: mapigo ya polepole, mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate mengi, jasho na kifua kinachokoroma. Huyo mvue nguo, mwoshe, na aanzishiwe atropini mara moja. Kwa mtu mzima ni miligramu 1 hadi 2 kwenye mshipa, ikirudiwa na kuongezwa kila dakika tano mpaka kifua kikauke, huku usafiri ukitafutwa.

Kama hakuna dawa wala sumu, na mzee anaanguka ghafla, anazimia kidogo kisha anaamka na kuendelea na mazungumzo, mapigo 34, basi huenda njia ya umeme ya moyo imekatika. Wagonjwa hawa hudhaniwa kuwa na kifafa, au husemwa kuwa wamerogwa, na huzungushwa kwa miezi. Tiba yake ipo: kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, ambacho watu hukiita betri ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huviweka vifaa hivyo. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Same, lakini haiwezi kuanza kama hakuna aliyehesabu mapigo kijijini.

*3. Yenye mpangilio, ila pigo moja moja linaruka.* Mara nyingi halina madhara, hasa kwa kijana asiye na dalili. Uliza juu ya chai na kahawa nyingi, pombe, sigara na kukosa usingizi. Mtulize. Kama anazimia, au ana ugonjwa wa moyo, au kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana katika ukoo wao, huyo anahitaji ECG.

*4. Yasiyo na mpangilio wowote.* Hata ukisubiri huwezi kubashiri pigo lijalo. Hii ni AF mpaka ECG iseme vinginevyo.

AF na kiharusi

Katika AF vyumba vya juu vya moyo havijikamui, vinatetemeka tu. Damu iliyotuama humo huganda, kama maziwa yaliyoachwa kwenye kibuyu. Donge likichomoka na kupanda kichwani, ni kiharusi. Mwenye AF ana hatari ya kiharusi kiasi cha mara tano ya asiye nayo. Kwa hiyo matibabu yana sehemu tatu.

*Kwanza, kutafuta chanzo:* presha, ugonjwa wa milango ya moyo, tezi la shingo, pombe kali.

*Pili, kupunguza kasi.* Lengo la kuanzia ni chini ya 110 kwa dakika mgonjwa akiwa ametulia. Atenololi au dawa za jamii yake hutumika, ila si kwa mwenye pumu, wala kwa yule ambaye mapafu yake yamejaa maji kwa sasa. Digoksini husaidia pale moyo umechoka.

*Tatu, kuzuia damu kuganda.* Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Aspirini haitoshi, wala haichukui nafasi ya dawa hizi. Mwenye AF pamoja na mlango wa moyo uliosinyaa kwa homa ya rumatiki anahitaji warfarini, hata akiwa na miaka 25. Kwa wengine daktari huangalia umri, presha, kisukari, moyo uliochoka na kiharusi kilichotangulia.

Siku hizi zipo dawa mpya, kama rivaroxabani, zisizohitaji kupima damu mara kwa mara. Tuwe waangalifu. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, wengi wao kutoka nchi kama zetu. Waliotumia warfarini walipata kiharusi kidogo na walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroxabani. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa rumatiki usibadilishe warfarini kwa dawa mpya eti kwa sababu ni rahisi.

Warfarini inahitaji kipimo cha damu kiitwacho INR, na lengo kwa mwenye AF ni kati ya 2 na 3. Kabla hajaondoka hospitali, mgonjwa ajue atapimwa wapi na lini. Nasi vituoni tukumbuke kwamba metronidazoli na kotrimoksazoli huzidisha nguvu ya warfarini hata damu ikatoka, na rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu. Dawa za mitishamba nazo ziulizwe kwa upole, bila kumwaibisha mtu. Mwanamke anayeweza kushika mimba ajulishwe mapema kwamba warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ili apange uzazi, na akikosa siku zake aje mara moja.

Kusoma karatasi ya ECG

Kama kituo chako kina mashine, usisome kwa kubahatisha. Fuata maswali manne kila mara:

1. *Kasi ni ngapi?* Kama mapigo yana mpangilio, gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya pigo na pigo. Kama hayana, hesabu mapigo ya mstari mrefu wa sekunde 10 na uzidishe kwa 6.
2. *Kuna mpangilio?* Weka alama za mapigo kwenye ukingo wa karatasi nyingine, kisha isogeze uone kama zinalingana.
3. *Kuna kilima kidogo cha P kabla ya kila pigo kubwa?* Kikikosekana na mapigo yamevurugika, ni AF.
4. *Pigo kubwa ni jembamba au pana?* Likifika miraba midogo mitatu au zaidi, na moyo unakwenda mbio, hiyo ni hatari mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Siku hizi picha ya ECG yaweza kutumwa kwa simu kwa daktari wa hospitali ya wilaya au KCMC. Funika jina la mgonjwa kwanza. Andika umri, mapigo, presha, dalili na dawa anazotumia, maana picha bila maelezo humsaidia daktari kidogo sana.

Rufaa leo, si kesho

Mgonjwa yeyote mwenye mapigo yasiyo ya kawaida pamoja na mojawapo ya haya asilale kijijini: amezimia, presha ya juu chini ya 90, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kupooza au mdomo kwenda upande, mapigo chini ya 40 au juu ya 150. Akiwa anahema, asafiri ameketi, asilazwe chali. Wakati wa masika, barabara za milimani zinapoteleza, amua mapema zaidi.

Mfano wa kujifunzia

Tuseme mama wa miaka 32 anakuja zahanati ya mlimani. Ana mtoto wa miezi mitatu. Anasema anachoka, usiku hawezi kulala bila mito miwili, na moyo unamwenda mbio. Amekwisha kutibiwa pumu mara mbili na malaria mara moja. Unahesabu: mkononi 118, hayana mpangilio, kifuani 146. Mapafu yanakoroma chini. Presha 110/70.

Tufanye nini? Mketishe, mpe oksijeni kama ipo na ikiwa imepungua mwilini. Furosemidi miligramu 40 kwenye mshipa itapunguza maji kwenye mapafu. Usimpe propranololi kwa sasa. Andika barua ya rufaa yenye namba zote mbili za mapigo, na maneno haya: nashuku AF na ugonjwa wa mlango wa moyo. Mtoto aende naye, kwa kuwa ananyonya. Zungumza na mume na mama mkwe pia, kwa sababu wao ndio watakaoamua habari ya nauli. Waeleze kwamba hii si pumu, na kwamba asipotibiwa anaweza kupooza.

Baadaye atarudi kwako. Utamfuatilia dawa zake na sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 kama daktari ameziagiza. Usisahau wadogo zake na watoto wa nyumba ile: koo linalouma kwa bakteria litibiwe mapema kwa penisilini, maana huko ndiko ugonjwa huu unakoanzia.

Tujifunze pamoja kila wiki

Tunapendekeza kila kituo kitenge nusu saa kwa wiki. Wiki ya kwanza, wawili wawili mhesabiane mapigo kwa dakika nzima na mlinganishe namba. Wiki ya pili, mmoja aeleze aina nne bila kuangalia karatasi. Wiki ya tatu, mpitie daftari la wagonjwa wenye presha na waliozimia, muone ni wangapi walioandikiwa mapigo. Wiki ya nne, mpitie rufaa moja na mpige simu hospitali kuuliza iliishaje. Aliyekwenda semina afundishe, na asiyekwenda aulize.

Maswali ya kujipima

1. Mzee ana mapigo yaliyovurugika na anatumia aspirini. Je, amekingwa na kiharusi?
2. Kijana ana homa ya nyuzi 39 na mapigo 124 yenye mpangilio. Utampa dawa ya kupunguza mapigo?
3. Mgonjwa wa warfarini amekuja na tatizo linalohitaji metronidazoli. Utafanya nini?
4. Bibi anaanguka ghafla mara kwa mara, mapigo 36. Utaandika kifafa?

*Majibu:* (1) Hapana. Apelekwe akapimwe ECG na afikiriwe dawa halisi ya kuzuia kuganda. (2) Hapana, tafuta na utibu chanzo cha homa. (3) Tafuta dawa nyingine, au wasiliana na hospitali ili INR ipimwe mapema. (4) Hapana; angalia dawa anazotumia na umpe rufaa leo.

Ndugu mtumishi, kesho asubuhi, mgonjwa wa kwanza atakapoketi mbele yako, shika mkono wake na uangalie saa mpaka mshale uzunguke wote.